Tambi Bila Sukari

Kibaha, alasiri

Mwanangu Mwantumu,

Umetoka sasa hivi kwenda Kwa Mathias kusuka, na kwa jinsi ninavyomjua msusi wako, mwenye maneno mengi kuliko nywele anazosuka, najua hutarudi kabla ya magharibi. Kwa hiyo nimepata nafasi. Baba yako amesinzia sebuleni na redio inaongea peke yake. Begi lako limefungwa tangu jana, liko mlangoni, kila anayepita analigonga kwa mguu na kuliomba radhi. Nami nimekaa kwenye meza ya kulia chakula, nakuandikia kwa mkono, maana nikikutumia kwenye simu utasoma ukiwa umesimama, utanijibu kwa kile kikatuni kinachocheka mpaka kinatoa machozi, na mazungumzo yataishia hapo.

Hii usiifungue nyumbani. Ifungue kesho ndani ya basi, ukishapita Chalinze, kabla hamjafika Morogoro. Kwa nini kabla ya Morogoro, utaona.

Sitakuandikia habari za kufunga mlango kwa kufuli mbili, wala kadi ya bima, wala maji ya kuchemsha. Hayo baba yako ameyahubiri wiki nzima, hata paka ameyahifadhi. Mimi nataka kuanza na jambo ambalo sijui kama mama mwingine amewahi kumwandikia mwanawe: nimefurahi kwamba unaondoka. Sijasema sitalia. Stendi nitalia, na wewe utaona aibu, na utanizoea kama ulivyonizoea. Lakini moyo wangu umetua. Mwaka huu huu ulipokuja na habari ya kazi ya maabara Mwanza, nilisema huendi, na nilimaanisha. Leo nakufungia safari mwenyewe, na usiku wa leo nitalala usingizi wangu wote.

Unajua ni kwa sababu ya lile bakuli. Ila nyuma ya bakuli kuna mambo, na mengine sijawahi kukusimulia vizuri. Vumilia, barabara ni ndefu.

Mimi nimekulia Mzenga, na kwetu, kabla mtoto hajajua kuhesabu vidole vyake, anajua kusema "starehe". Unapita uani kwa watu, umewakuta wamezunguka sinia. Wanasema, "Karibu tule." Unajibu, "Starehe." Unapita zako. Tumbo linaunguruma hadi kuku wanageuka kukutazama, lakini umesema starehe. Na Bibi yako, Mungu amuweke, alikuwa na kidole gumba na kidole cha shahada ambavyo naamini aliumbiwa kwa kazi ya kufinya tu. Tukienda kwa watu ananikalisha ubavuni mwake, chakula kikiletwa anapenyeza mkono chini ya khanga, analishika paja langu kabla sijafikiri neno. "Ahsanteni, tumetoka kula," anasema. Tumetoka kula nini? Tulikuwa tumetoka nyumbani na chai ya rangi. Siku moja kwa shangazi yake kule Kurui uliletwa wali wa nazi na kuku wa kupaka, nikasema kwa sauti, "Mimi sijala." Alama ya kidole kile nilitembea nayo mpaka Mzenga.

Nilikuja kuielewa "starehe" baadaye kidogo. Mwaka mmoja mvua zilitupita, tukawa tunakula mihogo, na mihogo nayo ikaisha. Wakaja wageni. Bibi yako akasimama katikati ya uwanja, akasema kwa sauti ya mtu mwenye sufuria saba jikoni, "Karibuni, karibuni chakula!" Wageni wakasema, "Starehe, bibie, tumekula njiani." Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikaona mabega yake yanashuka. Jikoni kulikuwa na maji yanayochemka, basi. Wale wageni walijua, naye alijua kwamba wanajua, na hakuna aliyeaibika. Kwa hiyo sikatai kwamba neno lile lina akili yake. Usije ukalitupa ukalicheka.

Ila lilikuwa na nusu yake ya pili, na hiyo sikukupa. Kwetu mwenyeji mwenye chakula hakubali starehe ya kwanza. Anasema tena karibu. Unakataa. Anasema mara ya tatu, sasa amekushika mkono, anakukalisha, na hapo hata Bibi anaachia paja. Kila mtu anaujua mchezo, kwa hiyo hakuna anayelala njaa mahali penye chakula. Mimi nilikufundisha kukataa nikasahau kukuambia kwamba kule uendako huenda hakuna atakayekushika mkono.

Na mwenye kosa hilo hakuwa mjinga wa mambo, maana yalishanikuta mimi mwenyewe. Nilipoolewa na baba yako, tulikwenda Tabora kunionyesha kwa wazazi wake. Mama mkwe akanipikia ugali na mboga iliyoungwa karanga, harufu yake inaingia mpaka kwenye nywele. Akasema, "Karibu, mkwe wangu." Nikainamisha kichwa kama nilivyolelewa: "Ahsante mama, nimeshiba." Nikangoja karibu ya pili. Mama mkwe akasema, "Haya," akachukua sahani akaondoka nayo. Jioni vilevile. Kesho yake vilevile. Mimi namtazama, yeye ananitazama kwa huruma, kumbe anadhani amepata mwali wa mjini mwenye tumbo dogo. Baba yako ndiye aliyenifuma kwenye chumba cha kuwekea nafaka, nimekaa juu ya gunia, natafuna karanga mbichi kama panya buku, machozi yananitoka. Alicheka mpaka akakaa chini. Mnyamwezi yule, mtani wangu, hajaacha kucheka mpaka leo. Hakuna harusi ambayo hajaisimulia, na kila mara gunia linaongezeka ukubwa.

Lakini anayacheka ya gunia tu. Hasimulii alichosema mama yake jioni ile. Aliniita jikoni, akaniwekea chakula mbele, akakaa kunitazama nikila, akasema, "Mkwe wangu, huku kwetu mtu akisema ameshiba tunamwamini. Sasa nitamwambiaje mtu mzima kwamba anadanganya juu ya tumbo lake mwenyewe?"

Hayo ndiyo maneno niliyopaswa kukupa ulipokuwa unakwenda chuoni Morogoro. Badala yake nilikushika mabega pale stendi nikakuambia, "Unakwenda kwa baba yako mdogo, si kwako. Usiwe mzigo. Usionyeshe njaa." Na wewe mtoto wangu, katika mambo yote niliyokufundisha ukayabishia, usafi wa chumba, kuamka mapema, kupokea simu yangu, hilo moja ukalitii kama aya.

Habari iliyofuata unaijua kwa upande wako wa kitandani. Upande wangu ulikuwa hivi. Walinipigia kwamba umeanguka maabara, darasani, mbele ya darubini. Nilipofika hospitali nilikuona miguu kwanza, imetoka nje ya shuka, imekonda kama vijiti, nikafikiri nimeingia wodi siyo. Daktari akasema ni vidonda vya tumbo na upungufu wa damu, akaniuliza kwa upole kama nyumbani kuna shida ya chakula. Nilitoka pale moja kwa moja mpaka kwa Mama Kulwa, mke wa baba yako mdogo. Sikubisha hodi wala sikusalimu. Nilimwambia mambo ambayo mtu akikuambia nyumbani kwako una haki ya kumtoa kwa mwiko. Nilimwuliza mwanangu amemfanyia nini. Nilimwuliza kama wanawe nao wamekondeana.

Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Dada, kila siku nilimwita mezani. Kila siku alisema ameshiba. Nikawa namwachia sahani, namfunikia kwa bakuli, asubuhi naikuta vilevile, nawapa kuku. Nikajua hapendi mapishi yangu. Mimi ningejuaje kwamba kwenu kushiba ni adabu?"

Akaanza kulia. Mimi nikaondoka bila kusema samahani, nikakuchukua, nikarudi na wewe Kibaha, na kwa muda mrefu nikaendelea kumnung'unikia kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kujinung'unikia mimi. Hasira ikikosa pa kwenda huenda kwa jirani.

Tumbo lako lilipona. Ukamaliza chuo ukitokea hosteli, na mimi nikija kila mwezi na vikapu. Ukapata pa kujitolea, hospitali moja Dar, unakwenda asubuhi unarudi jioni. Nikakufungia chakula kwenye hotipoti kila siku, na siku moja nikaifungua jioni ili niioshe, nikakuta wali umelala vilevile, hata kijiko hakijaingia. Nilipokuuliza ukaniambia, "Siwezi kula mbele za watu, mama. Koo linafunga tu." Ulisema kama mtu anayeeleza kwamba hapendi bamia. Mimi nilikaa na ile hotipoti mikononi nikaona miguu yako imetoka nje ya shuka.

Ndiyo sababu kazi ya Mwanza ilipokuja nilisema huendi. Wewe ulidhani nakuonea wivu wa maisha. Baba yako akasema, "Mtani, mtoto utamficha uvunguni mpaka lini?" Nikamjibu, "Mpaka nimwone kwa macho yangu anakula mbele ya watu, akashiba, akasema nimeshiba ya kweli." Nilijua siku hiyo haitakuja. Kumbe wewe uko mlangoni unasikiliza, ukaingia, ukasema, "Sawa. Jumamosi twende mjini. Nitakula, wewe uniangalie."

Jumamosi ya kwanza ilikuwa aibu tupu, na usijitie kusahau. Ule mgahawa wa pizza, wenye viti virefu ambavyo miguu yangu haikugusa chini. Ulikula kipande kimoja unakitafuna kama dawa, ukanisogezea sahani. "Kula mama, mimi nimeshiba." Nikakurudishia. "Kula wewe, mimi ndiyo nimeshiba." Ikaenda, ikarudi, ikaenda, mpaka kijana mhudumu akaja akauliza kama aondoe, na sisi sote wawili kwa adabu zetu tukasema aondoe. Pizza karibu nzima ikarudi jikoni. Kisha pale Kimara tukanunua mihogo ya kukaanga na kachumbari, tukala tumesimama nyuma ya kibanda, tumewapa watu migongo, tunapigania pilipili. Nilicheka na wewe, lakini moyoni nilisema, huyu haendi popote. Na huyu wa kumfundisha ni nani, ikiwa mwalimu mwenyewe amejificha nyuma ya kibanda?

Ramen, ile supu ya Wajapani, ilikuwa wazo lako. Ulikuwa umeiona kwenye zile katuni za Kijapani unazoangalia chini ya shuka. Ukasema pamefunguliwa mahali mjini wanapika, na kwamba ni chakula cha mtu aliyechoka, mtu aliyenyeshewa, mtu aliyekosa raha. Nikasema, chakula cha mtu wa hivyo kwetu ni uji. Ukasema, "Twende tu, bi mkubwa."

Pale mlangoni waliweka pazia fupi lisilofika hata kiunoni, nikauliza kama fundi aliishiwa kitambaa. Ndani hakuna meza ya mtu mmoja mmoja. Ni ubao mrefu, watu wamekaa bega kwa bega wanatazama jikoni, na jikoni kijana mmoja amefunga kitambaa kichwani anapiga kelele za kukaribisha kila anayeingia. Nikakutazama. Uso wako ulikuwa umefifia. Nikafikiri, haya, tumejileta wenyewe, hapa hata nyuma ya kibanda hakuna.

Binti mhudumu alikuja. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii supu ya nyama gani?"

"Ya kuku, mama. Kitimoto hatupiki hapa, usiwe na wasiwasi."

Yakaja mabakuli. Bakuli gani, karai la kunawia wageni! Supu, nyama, yai limepasuliwa nusu na kiini chake kinatikisika, majani ya vitunguu, na jani jeusi ukaniambia ni mwani. Mwani, ule ambao wenzetu wa Unguja wanatengenezea sabuni. Na chini ya yote hayo, nikazichota kwa kijiko nikazitambua: tambi. Nilifurahi kama niliyekutana na mtu wa Mzenga ugenini. Tambi nazijua. Tambi ni futari, tambi ni asubuhi ya Idi, na nazi, iliki, zabibu kavu na sukari. Nikalionea huruma lile yai kwa kuwekwa mahali lisipohusika, nikamwita binti.

"Samahani mwanangu, sukari."

"Ya chai, mama?"

"Ya tambi."

Ukalaza kichwa juu ya ubao. Binti wa watu hakucheka, aliiuma midomo yake akaleta sukari kwenye kisahani, nami nikatia vijiko viwili, nikakoroga, nikala.

Mwanangu, sitaieleza ladha ile. Kuna mambo mtu hufa nayo. Ila sikutaka kuaibika mbele ya watu wote wale, basi nikaweka kijiko chini taratibu, nikafuta mdomo, na mdomo ukasema wenyewe, kama unavyosema tangu Kurui: "Alhamdulillahi. Nimeshiba."

Ukainua kichwa. Ulikuwa bado unacheka, ukaacha. Ukanitazama muda kidogo, mimi nikatazama mwani.

"Mama," ukasema, "hujashiba. Umeharibu chakula."

"Nimeshiba, bwana."

"Mama. Una njaa."

Na ukanyanyua mkono juu, wewe, ambaye shuleni hukuwahi kunyanyua mkono hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni. "Dada samahani! Mama katia sukari kwenye ramen. Tunaomba lingine. Na mimi niongezee tambi, bado nina njaa."

Ulisema kwa sauti. Ubao mzima ulisikia. Bado nina njaa. Nilitazama kushoto na kulia kuona nani amekufinya. Hakuna aliyekufinya. Yule mwanamume wa pembeni yako, aliyekuwa anavuta tambi zake kwa kelele mpaka nimeshamkata jicho mara mbili, akasema, "Mara yangu ya kwanza hata mimi nilitia ndimu na chumvi mpaka nikalia," akakusogezea sahani yake ya vile vinavyofanana na sambusa za mvuke. "Karibuni."

Mimi tayari nilikuwa na "starehe" ulimini. Wewe ukanyoosha mkono ukachukua. "Ahsante kaka." Ukala, ukachukua na cha pili, ukanitilia mimi mdomoni kabla sijasema neno.

Binti alipoleta bakuli langu jipya akatuambia kwamba wenyewe Wajapani hula kwa sauti, ukila kimya mpishi anahuzunika. Maisha yangu yote nimewapiga watoto wa watu kwa kulamba vijiko! Nikajaribu. Mchuzi uliruka mpaka kwenye mtandio. Wewe ulivuta tambi kwa mlio hadi mpishi akageuka akakupungia mwiko, na shingo yako, mwanangu, nilikuwa naitazama shingo yako, ilikuwa inameza. Inameza mbele ya watu. Nilikuwa nakula na kuhesabu matonge yako kwa pembe ya jicho kama mwizi.

Kisha ukasema, bila kunitazama, ukiwa unafukua fukua chini ya supu, "Mama, Morogoro nilikuwa nasikia njaa. Sana. Usiku nilikuwa nasikia harufu ya ile sahani waliyonifunikia, na siwezi kuamka."

Hujawahi kuniambia hivyo. Miaka yote ile, hospitali, nyumbani, hukuwahi kusema neno njaa. Nikakuambia, "Najua. Ni mimi niliyekufunga. Nisamehe." Ukasema, "Nilishakusamehe, kula supu inapoa." Nikala huku nalia, na kwa kuwa ile supu ilikuwa na pilipili hakuna aliyejua, au walijua wakatusitiri.

Ulipomaliza, ukanyanyua bakuli kwa mikono miwili ukanywa mpaka chini. Nikasema, "Nenda."

"Niende wapi? Chooni?"

"Mwanza."

Ndivyo ulivyopata ruhusa. Baba yako anajua nilibadilika, hajui ni kwa nini, na ukimsimulia habari ya sukari nitakukana.

Nina machache ya kuongeza, na si amri. Mwanza watu wengi ni jamii ya baba yako na ndugu zao. Watakukaribisha mara moja, na ukisema umeshiba watakuamini, na watakuwa hawajakukosea kitu. Ukiwa na njaa sema una njaa. Kama chakula hukipendi, sema hicho sikipendi, hakuna aliyekufa kwa hilo. Na ikitokea umeingia kwa mtu ukaona kwa macho yako kwamba karibu yake ni ya mdomo na jikoni kuna maji yanayochemka, hapo sema ile "starehe" ya Bibi yako, iseme vizuri, na uondoke naye akiwa na heshima yake. Utajua tofauti. Mimi niliitafuta tofauti hiyo kwa miaka, wewe umeipata kwenye bakuli, sikuonei wivu ila kidogo.

Juzi tulipokwenda Mzenga kuaga, ulipopakua wali mara ya pili, je, uliona kilichotokea chini ya meza? Mkono wangu ulikuwa umeshaondoka wenyewe, unakuja kwenye paja lako. Wallahi sikuutuma. Bibi yako, na uzee wake wote ule, macho yenyewe hayaoni vizuri, akaupiga kofi. "Mwache mtoto ale," akasema. Nilitaka kumkumbusha mambo ya Kurui, nikaona tutakesha.

Sasa habari ya Morogoro. Mwezi uliopita nilimpigia simu Mama Kulwa. Nilizunguka kwanza, nikauliza mvua, nikauliza mapacha, kisha nikasema samahani niliyotakiwa kusema siku ile. Akasema, "Dada, mimi nilikuwa nangoja unipigie unitukane tena, nikose usingizi vizuri." Tukacheka, tukalia, salio likaisha. Amesema basi lenu likiingia stendi kesho atakuwa pale na chakula cha njiani, amepika mwenyewe. Usimwambie umeshiba, hata kama umeshiba. Fungua mbele yake, kula hata matonge mawili akuone, ndipo basi liondoke. Hilo ndilo ombi langu kwako, sina jingine.

Hapo nimekatishwa na simu yako.

Umeniambia kwamba msusi amefika nusu ya kichwa, kwamba pale saluni wamepika wali maharage, wamekukaribisha, umekula, na kwamba tusikungoje. Nikakuuliza, "Umekula?" Ukasema, "Nimekula mama, nimeongeza na parachichi." Nyuma yako wanawake wanacheka, na wewe unaongea chakula kimejaa mdomoni, tabia mbaya kabisa.

Kumbe mimi tangu mchana nina jogoo jikoni, yule tuliyetoka naye Mzenga, ambaye Bibi yako alimfunga miguu kwa mkono wake ili awe chakula chako cha kuagwa. Nimemkamulia nazi mbili. Nilikata simu nikasimama mbele ya jiko nimeshika mwiko, na kusema kweli nilianza kununa. Halafu nikacheka, nikacheka mpaka baba yako akaamka.

"Nani huyo?"

"Mwanao. Kala saluni, kwa watu."

"Mezani? Mbele yao?"

"Na kaongeza."

Akanitazama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Na jogoo?"

Tumemla sisi wawili. Baba yako kapata firigisi yake kama kawaida. Paja la kuku, ambalo tangu ulipoota meno ni lako na nyumba hii hakuna mwingine anayeijua ladha yake, limebaki peke yake kwenye bakuli tukitazamana nalo. Nimelila mimi. Lilikuwa tamu sana.

Nenda salama, mwanangu.

Mama yako